Tuta lililokimbilia maua: kisa cha mboga nne za majira ya kuchipua

Siku ya 53 tangu mbegu ziingie ardhini, wifi yangu, mke wa kaka, alinitumia picha ya tuta lake na maneno matatu: "Wifi, mboga zinanikimbia." Pichani spinachi zilikuwa zimenyooka juu, kila moja na kijiti katikati kinachokaribia goti, majani ya juu yamechongoka kama ncha ya mshale. Saladi nazo zilikuwa zimejenga minara. Figili alishazikatia tamaa kitambo, na wiki mbili baadaye angekuja kunilalamikia njegere. Tuta moja, mboga nne, na kila moja ilimwangusha kwa namna yake.

Yeye alikuwa na jibu tayari: udongo umechoka. Akamwaga samadi mara ya pili, akaanza kumwagilia asubuhi na jioni. Nilipofika nikachokoa kwa kidole. Udongo ulikuwa mweusi, tifutifu, una minyoo, unanukia mvua. Ningefurahi kuwa nao kwangu. Nilipomwambia kosa si la udongo bali la saa, alinitazama kama mtu aliyekuja kwa daktari wa meno akaanza kuulizwa habari za viatu.

Tuta lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2. Siku ya 1 ilikuwa Jumamosi, baridi kali ikiwa imeshaachia, wakati mchana na usiku vinakaribia kulingana, saa 12 kwa 12. Alipanda kila kitu siku hiyo hiyo: mistari miwili ya spinachi, miwili ya saladi, miwili ya figili, na mmoja wa njegere ukingoni kwenye waya wa kutambalia. Kupanda mapema namna ile alifanya vizuri. Mboga hizi nne ni za ubaridi. Mbegu za spinachi na saladi huota hata udongo ukiwa na nyuzi joto 5 hivi, polepole lakini huota. Njegere haziko mbali nyuma yao. Na jalidi nyepesi haiziui kama inavyoua nyanya. Tena baridi hiyo hiyo huyatia majani ya spinachi utamu, kwa kuwa mmea hujikusanyia sukari ili kujikinga na kuganda. Anayesubiri joto ndipo apande spinachi amekwisha chelewa.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye pakiti. Gramu moja ya mbegu za saladi ina mbegu zinazokaribia 1,000, naye alimwaga pakiti nzima. Miche ikatoka kama nywele, na kwa huruma hakuipunguza. Namwelewa. Kung'oa mche mzima uliouotesha mwenyewe kunauma. Lakini miche iliyosongamana hugombania maji na mwanga, na mmea ulio kwenye dhiki hauna subira, hukata shauri la kuzaa mapema. Kwenye tuta lake jambo hili lilionekana waziwazi. Mwanzoni mwa mstari mmoja paka alichimbua wiki ya tatu, akaacha miche mitano tu kila mmoja na nafasi yake. Saladi hizo tano zilikuwa bado zimejikunja chini, majani mapana, laini. Hatua mbili mbele, kwenye msongamano, zilikuwa zimeshatoa vikonyo. Paka alifanya kazi ambayo mwenye tuta aliikataa.

Jina moja, mimea miwili

Nilimuuliza: "Wifi, siku zote hizo ulikuwa unasubiri nini usichume?"

"Yakue. Si unaijua spinachi, wifi? Unachuma ya pembeni, inatoa mengine, unakula miezi na miezi."

Alikuwa ananieleza mmea mwingine. Spinachi wanayoijua wengi wetu, yenye bua nene jeupe na jani kubwa lenye mikunjo, ni ndugu wa bitiruti, Beta vulgaris. Huyo ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujenga majani tu, na kwa kawaida hutoa maua baada ya kupitia majira ya baridi, kwa hiyo kweli unaweza kuuchuma kwa miezi. Lakini pakiti aliyonitolea kabatini ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo chini ya jina, Spinacia oleracea. Jani lake ni laini, bua jembamba, kichaka kifupi kinacholala chini, na maisha ya wiki chache. Kwa Kiswahili zote mbili ni spinachi, na ukiwa sokoni jina hilo moja linatosha. Ukiwa na jembe mkononi halitoshi.

Spinacia oleracea husoma urefu wa mchana. Mchana ukivuka saa 14 hivi, mmea huacha kazi ya majani na kupandisha shina la maua, na joto huuharakisha zaidi. Mbali na ikweta, mchana wa majira ya kuchipua hurefuka kila siku, dakika baada ya dakika, bila kelele. Aliyezoea kulima karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, anaweza kukaa miaka bila kukutana na mkasa huu, kisha akahama na kudhani amerogwa. Samadi haibadilishi urefu wa mchana. Maji hayaubadilishi pia, ingawa kwa kuupoza udongo yanakununulia siku mbili tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wapandaji wengi hawalitazami. Spinachi hii ina mimea dume na mimea jike, na madume hutangulia kutoa maua. Tulipita mstari mzima tukigusa vichwa. Kwenye baadhi, vumbi la njano lilibaki vidoleni. Hao ndio madume. Tuliwakata usawa wa ardhi siku ile ile, majani ya chini tukayatenga ya kupika. Majike yalikuwa na siku chache bado, tukayachuma kesho yake hadi jani la mwisho.

Kwa hesabu yangu, chakula bora cha mistari ile kilikuwa kati ya siku ya 38 na ya 50. Siku ya 44 wifi alichuma majani machache, akasema bado madogo. Yalikuwa yamekomaa. Yeye alikuwa akiyapima kwa yale ya kichwani mwake.

Sufuria ya kilo mbili

Mavuno ya siku ile yalikaribia kilo 2, yamechumwa jioni, mabichi kwa maji ya kumwagilia. Nilimwacha apike kama anavyopika siku zote, maana ukitaka kuijua homa usimzuie mgonjwa kutetemeka. Mafuta, kitunguu, kisha majani yakarundikwa hadi mfuniko ukasimama hewani juu yake. Chumvi. Moto wa wastani. Dakika ya 5 mfuniko ulikuwa umeshuka mahali pake. Dakika ya 10 aliufunua: dimbwi la maji ya kijani chafu, na majani yamelala chini yake kama kitambaa. Akaendelea kuchemsha ili maji yakauke. Yalipokauka, dakika ya 25, mboga ilikuwa na rangi ya kaki na inaacha ukavu kwenye meno, kama umelamba chaki.

Spinachi ni maji kwa asilimia 90 na ushei. Kilo 2 ni karibu lita 1.8 za maji yaliyofungwa ndani ya majani, bila kuhesabu yale ya kumwagilia yaliyokuwa juu yake. Joto hupasua vijumba vinavyoyashika, chumvi huvuta yaliyobaki, na mfuniko hauruhusu mvuke utoke. Alidhani anakaanga, kumbe anachemsha. Rangi nayo ina sababu yake. Ukijani unatokana na klorofili, ambayo ina atomi ya magnesi katikati; joto la muda mrefu pamoja na asidi za jani lenyewe huing'oa magnesi hiyo, na kinachobaki ni kaki. Mfuniko huzidisha, kwa kuwa asidi zinazopanda na mvuke hugonga juu na kurudi chini. Ule ukavu wa meno ni asidi ya oksaliki, ambayo spinachi inayo kwa wingi. Sehemu yake huyeyukia kwenye maji, na kwenye sufuria ya wifi maji hayo hayakumwagwa, yalikaushiwa humo humo.

Kesho yake tulichukua nusu kilo tu, tena asubuhi. Majani yalizamishwa kwenye beseni la maji mengi, yakatikiswa, yakaopolewa kwa mikono. Ukilimimina beseni kwenye chujio, mchanga uliokwisha tulia chini unaurudisha wote juu ya mboga. Tulirudia mara tatu, hadi tulipopapasa sakafu ya beseni ikawa laini. Sufuria kubwa ya maji yenye chumvi ilikuwa inachemka kwa nguvu, wazi. Majani yakaingia, nikahesabu kwa sauti hadi 60, yakatoka na kutumbukizwa kwenye maji baridi. Halafu mikono: unachukua konzi, unaikamua kama nguo, unaona imekwisha, unaikamua tena na maji yanatoka tena. Nusu kilo ikawa donge la kuenea kiganja kimoja.

Wifi akalitazama. "Hiki ndicho tulichokuwa tunakimbizana nacho?"

Likakatwakatwa, likaingia kwenye mafuta yaliyopata moto na kitunguu saumu kilichoanza tu kunukia, dakika 2, basi. Limau tulikamulia mezani, kwa sababu ukilitia jikoni asidi yake inafanya kazi ile ile ya kuharibu rangi. Kaka, ambaye jana yake alisukuma sahani pembeni kwa heshima, aliuliza kama ni mboga ile ile. Majani yaliyobaki tuliyafanya madonge, tukayafunga moja moja na kuyaweka kwenye friza. Kwa mavuno yaliyoiva yote siku moja, sijui njia nyingine inayoishinda hiyo.

Saladi sikuweza kuziokoa. Ukikata bua la saladi unaona utomvu mweupe, na jina la kisayansi, Lactuca, limetokana na neno la Kilatini la maziwa. Ndani ya utomvu huo ndimo uchungu ulimo, na huongezeka mmea unapoelekea kutoa maua. Wifi alikuwa amejaribu kuloweka majani usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Yakalegea na uchungu ukabaki pale pale, kwa kuwa haukai juu ya jani useme utauosha. Ya juu tuliyapeleka kwenye mboji. Ya chini tuliyatia kwenye supu, yakanyweshwa chumvi ya kutosha, maana chumvi huufunika uchungu ulimini. Ilinyweka. Zile tano za paka tulizila mbichi, na ndizo pekee zilizostahili kuitwa saladi.

Njegere za Jumapili zilizoliwa Jumatano

Hapa bustani haikukosea hata kidogo. Siku ya 65, Jumapili, wifi alichuma maganda yaliyojaa, akayaweka kwenye friji hadi Jumatano ili tuje tule pamoja. Zilipikwa dakika 20. Zikawa na ngozi ngumu na unga ndani.

Sikutaka kubishana. Nilitoka nje nikachuma ganda moja, nikachukua jingine kwenye friji, nikamwambia afumbe macho. Ganda la bustanini lilipasuka kwa kidole gumba kwa sauti, lile la friji lilipinda kwanza ndipo likafunguka. Alitafuna punje tatu za la kwanza akanyamaza. Alipotafuna za la pili akafumbua macho kabla sijasema kitu.

"Moja ni tunda," alisema. "Hii nyingine ni mbegu."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Punje ya njegere ni mbegu inayojiwekea akiba, na akiba yake ni wanga. Sukari iliyomo huanza kugeuzwa wanga hata ikiwa bado mtini, na baada ya kuchumwa kazi hiyo haisimami. Joto la chumbani huiharakisha, ubaridi wa friji huipunguza kasi tu. Saa chache zinaonekana mdomoni. Siku tatu ni nyingi mno. Dalili za wakati wa kuchuma ziko kwenye ganda lenyewe. Limejaa na bado linang'aa, chuma. Likififia na kuonyesha mistari kama ya wavu, punje zake ni za kupikia supu. Siku hizi wifi huinjika maji jikoni kwanza, ndipo achukue kikapu. Dakika 2 au 3 ndani ya maji yanayochemka zinatosha.

Figili nitazipitia haraka kwa kuwa kosa lake ni la aina ile ile. Zilikuwa tayari siku ya 27, kama 120 kwa mpigo, nyumba ya watu wanne. Aling'oa kumi, nyingine akaziacha zinenepe. Kufikia siku ya 40 zilikuwa kali na zina sponji katikati. Ukali wa figili huzaliwa pale unapoitafuna au kuikata, kimeng'enya kinapokutana na kemikali zilizokuwa zimetengwa nacho. Joto hukiharibu kimeng'enya hicho, ndiyo maana figili iliyochomwa kwenye oveni na mafuta kidogo hugeuka laini na ina utamu. Wifi hakuamini hadi alipoonja. Zile zenye sponji, hata hivyo, hakuna moto unaozirudisha. Majani machanga ya figili ni mboga kamili, ni kosa kuyatupa.

Karatasi ya mlango wa friji

Tulipokaa kupanga upya, nilimzuia asianze na mbegu. Tulianza na sahani. Watu wanne, mboga za majani mara tatu kwa wiki, kilo moja mbichi kwa mlo kwa sababu sasa alijua inavyonywea. Kutoka hapo tukarudi nyuma siku 40 hadi 45, tukapata siku ya kupanda. Spinachi: vipande vitatu vya mstari, kimoja kila baada ya siku 12, cha mwisho kisipungue wiki sita kabla ya mchana kufikia saa 14. Figili: mbegu 20 kila siku 10, zipangwe moja moja kwa vidole. Saladi: mbegu za kubanwa kwa ncha mbili za vidole, miche ipunguzwe hadi sentimita 25, na ikae upande wa kivuli cha njegere jua linapoanza kuwa kali. Njegere: awamu mbili tu. Yeye alitaka kila kitu kiwe na awamu tano. Nilimkatalia. Nimeona ratiba nyingi nzuri zikifia ubaoni, na mtu mwenye kazi na watoto hukumbuka kupanda mara mbili, mara tatu akijitahidi.

Nafasi iliyoachwa wazi haikupandwa tena spinachi ile, kwani mchana ulikuwa umeshavuka. Njegere tulizikata usawa wa ardhi, mizizi tukaiacha na vinundu vyake vya bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani. Udongo ukiwa umeshapata joto, tukatia maharage machanga, na kwenye kona moja ile spinachi ya bua jeupe aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo. Hiyo alichuma ya pembeni, ikatoa mengine, kama alivyosema.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, awamu ya kwanza na ya pili ya spinachi ziliingia jikoni kwa wakati wake. Ya tatu ilikimbilia maua, kwa sababu joto lilikuja mapema mwaka ule na awamu ile ilikuwa ya kubahatisha. Nilimwonya, naye alipanda kwa kujua. Alichuma yote yakiwa madogo, urefu wa kidole, akayala mabichi na mayai.

Figili tatu zilisahaulika pembeni, zikatoa maua meupe yenye wekundu kidogo, kisha maganda mabichi yaliyochongoka. Aliponiuliza kama yang'olewe, nilivunja moja nikampa. Lilikuwa na maji, na ukali unaokuja nyuma. Akatafuna, akavunja jingine, akalitazama kwenye mwanga.

"Wifi, na haya yana siku ngapi?"

Nikamwambia kama wiki moja, kabla hayajaota nyuzi. Akaenda kuandika.